Umefika wapi? Namna tunavyosimuliana vitabu barazani kwangu

Mie ni fundi cherehani. Nashonea hapa Ngamiani, Tanga, barazani kwa nyumba aliyotuachia baba: cherehani upande wa kivuli, benchi la wateja upande wa pili. Kila Jumamosi baada ya alasiri benchi hilo linakuwa la watu kuambiana wanasoma nini, na huu ni mwaka wa sita. Wengi wameniuliza tunafanyaje mpaka jambo lenyewe halijavunjika, maana wao walijaribu kazini, au kwenye kikoba, likawafia mikononi. Naandika nilivyojifunza. Mengi nilijifunza kwa kuharibu kwanza, kama sketi.

Jumamosi ya kwanza kabisa alikuwepo kijana wa bodaboda anayeegesha pale kona. Wiki nzima nilikuwa namwona anasubiri abiria huku amezama kwenye kitabu cha Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, jalada limechakaa mpaka limekuwa laini kama tambara. Nikamwita aje akae. Barazani alikuwepo pia mwalimu wetu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na ushee. Mwalimu akamgeukia, tena kwa upole kabisa: "Enhe, kijana, kitabu hicho kinahusu nini?"

Kijana akasimama. Wallahi alisimama wima, helmeti kwapani, akasema, "Shikamoo mwalimu. Kinahusu umuhimu wa uzalendo katika jamii." Akakaa. Hadi magharibi hakufungua tena mdomo ila kwa kashata.

Jumatatu nikapanda pikipiki yake kwenda kununua uzi. Njiani, mie niko nyuma nimeshika mfuko wangu, nikamuuliza, "Umefika wapi na Willy wako?" Lo! Alianza kunisimulia tangu tunaondoka, tukafika dukani akazima pikipiki akaendelea, mikono inaonyesha nani kajificha nyuma ya mlango upi, na mie nimesimama na nauli mkononi juani. Abiria wawili walimpita. Hakuwaona.

Mtu ni yule yule na kitabu ni kile kile. Kilichobadilika ni swali.

Uliza umefika wapi

Ukimuuliza mtu kitabu kinahusu nini, umemrudisha darasani. Sisi tuliosomea hapa tulikutana na hadithi kwenye mtihani: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, toa hoja tatu kwa kila kitabu. Mtu aliyepitia kidato cha nne, hata kama sasa ana wajukuu, mtajie kwa pamoja Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu uone mkono unavyotafuta kalamu. Vitabu vyenyewe havina kosa, vizuri tu. Lakini ukiuliza "kinahusu nini" anasikia "jadili", na ukiuliza "umejifunza nini" anasikia kengele ya kukusanya karatasi.

"Umefika wapi" tunamuuliza msafiri aliye ndani ya basi. Tunamuuliza aliyebandika maharage. Wateja wananiuliza mie kila siku kuhusu magauni yao. Ni swali lisilo na jibu la kukosea: aliye ukurasa wa tano anajibu, aliye ukurasa wa mia mbili anajibu, na aliyekwama anajibu kwa raha kuliko wote kwa sababu ana malalamiko. Mtu akikuambia alipofika, lazima akwambie kidogo alikotoka, na hapo ndipo hadithi inapoanza yenyewe.

Akiishajibu, ongeza moja la kumchokoza. Yanayofanya kazi kwangu ni haya: Nani humtaki humo ndani? Ungekuwa wewe, ungemfungulia mlango? Jana ulikisomea wapi, kitandani au jikoni? Hilo la mwisho watu wanalidharau, nami nalipenda kuliko yote. Nesi wetu mmoja alituambia anasoma zamu ya usiku, saa tisa, wodi ikitulia, na kila akisikia viatu korido anakifunika kitabu kwa chati ya mgonjwa. Baada ya hapo, nani asingetaka kujua ni kitabu gani?

Halafu wapo wanaosema, "Mie sisomi, muda nautoa wapi." Usibishane nao wala usiwahubirie faida za kusoma. Waulize: kitabu gani kiliwahi kukuunguzia chakula? Mama mmoja muuza vitumbua aliniapia kwamba yeye na vitabu ni mbali mbali. Nikamuuliza hilo la kuunguza. Akanyamaza, akacheka peke yake, akasema kaka yake alikuwa na kitabu cha yule mpelelezi Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, kile cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960, na siku hiyo aliachiwa samaki wa nazi motoni. Alikula kipigo cha mama yake akiwa bado anataka kujua nani kamuua nani. Na kipigo kikamkatiza, hakumaliza! Miaka zaidi ya arobaini kakaa na swali hilo. Nilimtafutia nakala, ikachukua miezi miwili kupatikana, akaisoma kwa siku nne, miwani ya mumewe puani.

Kuanza, bila katiba

Kabla ya benchi hili nilijaribu mara moja na kina mama wenzangu wa mtaa. Kikao cha kwanza tulichagua mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina. Cha pili tuligombana juu ya ada, shilingi elfu mbili au elfu moja. Cha tatu mwenyekiti hakuja na katibu akasema bila mwenyekiti akidi haijatimia. Kitabu hakikufunguliwa hata kimoja. Sisi watu wa nchi hii tukikaa watatu tunataka mhuri.

Kwa hiyo mara ya pili sikumwalika mtu. Niliweka kitabu changu juu ya meza ya kukatia, jalada juu, nikaendelea kushona. Anayesubiri vipimo hana pa kuweka macho: anakiona, anakichukua, anafungua katikati. Mie namwacha. Akisoma zaidi ya dakika tano namwambia tu, "Jumamosi jioni huwa tunakaa hapa, njoo na chako." Wakati huo hatukuwa tunakaa. Tulianza kukaa kwa sababu niliwaambia watu watano uongo huo huo.

Wewe huna cherehani, sawa. Lakini una mahali watu wanaposubiri: saluni, duka la dawa, kituo chako cha kahawa, ofisi ambayo mtandao haupo saa nzima. Kitabu kionekane tu. Kikiwa ndani ya mkoba hakitaulizwa.

Watu wawe sita hadi wanane. Wakipita kumi, wanaanza kuzungumza wawili wawili pembeni na mada inakuwa mpira. Siku isibadilike hata ukiwa na msiba wa mbali, mwachie mtu ufunguo. Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe na mazungumzo yanakuwa matamu zaidi, sijui ni shibe au ni usiku.

Zamu inakwisha na finjani

Nanunua kahawa dele moja na kashata za kutosha, kila mtu anachangia anachoweza kwenye kopo la bobini. Mwenye zamu anamiminiwa finjani. Maneno yake yakwishe na kahawa yake. Sijawahi kutumia saa, maana ukimwonyesha mtu mzima saa umemfukuza, lakini finjani tupu kila mtu anaiona na hakuna aliyemnyamazisha.

Kabla ya kusema lolote, mwenye zamu anakishika kitabu na kukipitisha. Hili nalishikilia sana. Watu wapime uzito, wanuse, waone maandishi ni makubwa au ya kuumiza macho, wasome muhuri wa aliyekuwa nacho zamani. Mtu akija mikono mitupu akatusimulia kitabu cha kichwani, sisi wengine tunabaki kama tunaosikiliza habari za harusi tusiyoalikwa.

Kisha anasema alipofika. Nesi, kwa mfano, alipokuwa na Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, alianza hivi: "Yasmin ameshamkimbia Bwana Raza, yuko kwa Mwajuma, na mimi nina wasiwasi na huyo Denge." Basi. Sentensi moja. Maswali yakamiminika: Bwana Raza ni nani, kwa nini kamkimbia, Mwajuma ni ndugu yake? Akawa anajibu kwa kurudi nyuma kidogo kidogo, kama mtu anayefumua mshono. Angeanza na "mwandishi alizaliwa Zanzibar na kitabu kilitoka 1999" tungekuwa tumeshaanza kupiga miayo.

Mwisho anasoma nusu ukurasa kwa sauti. Nusu tu, na achague nyumbani kabla hajaja, sio kupekua mbele ya watu. Asichague penye maana kubwa. Achague penye watu wanaongea, au wanapokula, au wanapotukanana. Anayeona haya ya kusoma mbele za watu ampe jirani yake amsomee.

Siku hiyo ya Vuta n'Kuvute kulitokea jambo ambalo wewe pia litakutokea. Binti mmoja akadakia, "Ah, hiyo filamu yake nimeiona!" Kweli filamu ipo, ilitoka 2021. Akataka kumalizia hadithi yote palepale. Tangu hapo tumekubaliana: aliyeona filamu anazungumza mwisho kabisa, na anaulizwa kitu kimoja tu, nani alikuwa tofauti na ulivyomwona kichwani. Kama hakusoma kitabu anaambiwa achukue kikibaki.

Usitoboe

Hapa nina dhambi yangu. Kile kitabu cha Bwana Msa kilipomfikia muuza vitumbua, nami nilikuwa nimekipitia kabla sijampa. Siku ya pili akaja kuchukua gauni, nikamwambia kwa furaha tu, "Umeshafika pale fulani anapo..." Nikajiziba mdomo kwa mkono wenye chaki. Alikuwa bado. Aliniangalia kama nimemmwagia mafuta ya kukaangia. Miaka arobaini kangoja, na mie nimemtobolea robo ya siri kwa sentensi moja. Alisoma mpaka mwisho, lakini hadi leo akinisalimia anaongeza, "Usiniambie kitu."

Tangu siku hiyo natumia vitambaa. Mabaki ya vitenge hayakosekani kwa fundi, nayakata vipande vyembamba vya kama inchi moja kwa sita, kila msomaji na rangi yake, ndiyo alama yake ya kuwekea ukurasa. Kipande chekundu hakina mwenyewe. Hicho kinakaa kwenye theluthi ya kwanza ya kitabu, na ni mpaka: aliyekimaliza anasimulia upande wa kushoto wa kitambaa chekundu tu, kana kwamba mengine hayajaandikwa. Vitabu vya upelelezi mpaka ninausogeza nyuma zaidi kuelekea mwanzo, wakati mwingine kurasa ishirini.

Aliyemaliza na ana hamu ya kupasuka? Kuna cherehani yangu ya zamani uani, haifanyi kazi. Waliomaliza kitabu kimoja wanakwenda kukaa kule wawili wawili na kutoboana wanavyotaka. Tunawasikia wanavyopiga kelele. Hakuna tangazo la kitabu zuri kama hilo.

Kila kinachosomwa ni kitabu

Hapa patakuletea shida na wasomi wako. Kijana mmoja muuza chipsi alikuja na simu. Anasoma simulizi za WhatsApp, zile zinazoletwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na ikifika sehemu ya kumi mwandishi anasema tuma pesa kwa namba hii upate iliyobaki. Mwalimu akavuta pumzi. Nikamuwahi: "Umefika wapi?" Kijana akasema yuko sehemu ya 34, ameshatuma pesa mara tatu, na mke wa tajiri bado hajajua kwamba mfanyakazi wa ndani ni dada yake. Baraza zima likamwinamia, na mwalimu naye. Jumamosi iliyofuata mwalimu ndiye aliyeuliza, "Yule dada ameshajulikana?"

Anayemlipa mwandishi kwa simu ili apate kurasa kumi, msomaji wa kiasi gani unamtaka zaidi ya huyo? Mie mwenyewe nilianza na hadithi za magazeti, nakata naweka ndani ya boksi la viatu.

Na wapo wasiosoma kwa macho. Bibi mmoja muuza mchicha anasomewa na mjukuu wake wa darasa la sita jioni wakifunga mafungu. Yeye anapata zamu na finjani kama wengine. Walikuwa na Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, mtu wetu wa hapa Tanga aliyezaliwa 1909. Bibi nyimbo za Siti alizijua, hakujua kwamba kabla ya kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka 1928 Siti alikuwa mwanamke wa Fumba anayetembeza vyungu. Alituambia zamu yake yote kwa maneno haya: "Tumefika anapouza. Naye aliuza!" Akanywa kahawa yake. Mjukuu alitaka kuongeza, bibi akamkanya kwa jicho.

Kuacha kitabu nako ni habari. Nina nakala moja ya Nagona ya Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990, unaweza kukikunja ukakitia mfukoni. Ukikifungua utakuta vitambaa vinne vya rangi nne, vyote vimekaa karibu karibu kule mwanzoni, kama watu waliofika mtoni wakakuta maji yamejaa. Kimoja ni changu. Sikuvitoa. Kila anayekichukua anaviona, anacheka, anapata moyo wa kusema "na mie nimekwama hapo hapo" badala ya kujifanya amemaliza. Msichana mmoja wa chuo alivuka. Alirudi anasema tusikitafute kama hadithi, tukisome kama ndoto ya mtu mwingine, usimsumbue na maswali. Wawili wameanza upya. Mie bado.

Wazee, mama wakali, na wengineo

Mwalimu ni mtu wetu, lakini finjani yake haiishi. Ananyonya kahawa kwa ncha ya ulimi apate muda. Huwezi kumkatiza mtu wa umri ule, na kumkatiza ni kumvunjia heshima mbele ya wanafunzi wake wa zamani. Nilichofanya ni kumpa kazi. Ana sauti nzuri ya kusoma, ya redio hasa. Sasa yeyote anayeona haya kusoma nusu ukurasa wake anamwambia, "Shikamoo mwalimu, nisaidie hapa." Anasoma vya watu watatu wanne kila Jumamosi, na zamu yake mwenyewe siku hizi ni fupi, kwa sababu haji tena na njaa ya kusikilizwa.

Ugomvi wa kweli ulikuwa mmoja. Binti aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne alichukua kwangu Rosa Mistika, cha Kezilahabi huyo huyo, chenye mambo ya watu wazima. Siku mbili baadaye mama yake huyo, kitabu mkononi, kitambi cha khanga kimefungwa kwa vita: "Fundi, hiki ndicho unachompa mwanangu?" Sikumshangaa. Kitabu hicho kilipotoka 1971 hata mashuleni kilizuiwa kwanza. Nikamvutia kiti. Nilitaka kujitetea, nikajizuia, nikamuuliza lile lile: "Wewe mwenyewe umefika wapi?"

Akasema alisoma kidogo tu, kuona ubaya wake. Kidogo kiasi gani? Ukurasa wa hamsini na kitu. Nikamwambia basi bado hujafika kwenye ubaya, maliza kwanza uje tugombane vizuri. Alikaa nacho wiki nzima. Aliporudi alisema wa kuchapwa humo ni Zakaria, baba mtu, na kwamba mwanawe atasoma akiwa naye chumba kimoja. Sasa wanakuja wawili, mama anakaa mbali na binti ili wasitoboane.

Usimpe mtoto wa mtu kitabu cha watu wazima bila mzazi kujua, hilo nalo nililijifunza hapo. Nilikosea.

Kuazimana bila kuuana

Habari nzuri ya kitabu inazaa "niazime", na "niazime" ndiyo inayoua urafiki. Nilishapoteza vitabu kumi na moja kabla sijaamka. Kimoja kilirudi bila kurasa za mwanzo, mtoto alizifungia karanga.

Nina daftari la vipimo: mbele kuna kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono. Nyuma, ukiligeuza, ni vitabu. Naandika jina la kitabu, la aliyechukua, tarehe, na hali yake: "kona ya jalada imeliwa, uk. 112 una doa la chai." Doa ni muhimu kuliko tarehe. Mtu akiona umeandika doa lililokuwepo, anajua na jipya utaliona. Akichukua kimoja anaacha kimoja, kitabu kwa kitabu, hata kiwe cha dini au cha mapishi, hata kiwe kibaya. Pesa ya rehani sitaki, mtu akishaacha pesa anajiona kanunua.

Kabla hakijatoka nakivisha jalada la kaki kama madaftari ya shule, na jina la kitabu naandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa mgongo. Siku kumi na nne. Zikipita simdai. Ninapokutana naye namuuliza tu, sokoni, kwenye daladala, hata msibani, "Umefika wapi?" Mwenye kusoma anajibu nafurahi. Aliyekitupa uvunguni anaelewa, na kesho yake kitabu kipo mezani.

Vya kununua vinapatikana kwa subira. Maktaba ya mkoa tunayo hapa mjini, nayo haitumiki inavyostahili. Kila mtu wetu akienda Dar anapewa orodha apite kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, na achambue hadi chini ya rundo, maana juu wanaweka vya hesabu. Vipya tunachanga watu wanne, kinazunguka, mwisho tunapigia kura kibaki kwa nani.

Kwa walio mbali

Shemeji yangu yuko Muscat. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli ya fasihi 2021 shemeji alitamba kama kapata yeye, na ilipotoka Peponi 2022, ile tafsiri ya Kiswahili ya Paradise yake iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, akaagiza apelekewe kwa mkono wa msafiri. Mie nikapata nakala yangu kwa kuchangiana. Tukawa tunaisoma pamoja, bahari katikati.

Kwa simu usitume sauti ya dakika nane. Hakuna anayeisikiliza, wanaweka alama ya dole gumba tu. Tuma picha ya ukurasa mmoja, kidole kimewekwa kwenye mstari wenyewe, na maneno yasiyozidi haya: "Niko uk. 60. Yusuf na ami Aziz. Huyu ami simwamini. Wewe?" Neno "wewe" lisikosekane, ndilo linaloleta jibu. Na taja ukurasa kwanza, ili aliye nyuma yako afumbe macho asisome yanayofuata. Shemeji alikuwa ananitumia saa sita za usiku, "Uk. 91, fika haraka." Nilikuwa nashona sare huku nakimbizwa na mtu aliye Uarabuni.

Jumamosi hii nina zamu. Niko kwenye Kuli ya Adam Shafi, kwa mara ya pili; baba yangu alibeba mizigo bandarini hapa Tanga, basi kitabu hicho nakisoma polepole. Rashidi ameshaanza kazi gatini. Nusu ukurasa wa kusoma nimeshauchagua, wanapokula. Kitambaa changu ni cha kijani, na nina sketi kumi na mbili za bluu hazijapigwa pasi.